Ihoji Namba Kabla Hujaiamini

Wanangu mnaojenga na kutunza tovuti za watu, nakaa nanyi leo kwa jambo ambalo nimelisema mpaka sauti imechoka, na bado nitalisema. Huja kwangu kijana ameshika simu, kwenye simu kuna picha ya dashibodi, na kwenye dashibodi kuna mstari uliopanda au ulioshuka. Ukiwa umepanda, anataka pongezi. Ukiwa umeshuka, anataka kumjua mchawi wake. Mimi humwuliza swali moja tu: hiyo namba imepatikanaje? Hapo hunyamaza. Kisha husema, "Mzee, si mimi niliyeihesabu, ni Google yenyewe."

Sawa, mwanangu, lakini Google ilipokea taarifa ikazihesabu. Nani alizituma, zilitumwa mara ngapi, na nani alipita bila kutuma chochote, hayo hayaonekani kwenye mstari ule. Na matatizo mengi ya takwimu za tovuti yamejificha hapohapo.

Neno langu ni fupi, ingawa maelezo yake ni marefu. Usiifurahie namba, wala usiiogope, mpaka umejua imehesabiwaje, na mpaka umeilinganisha na daftari jingine ambalo halikuandikwa na chombo hichohicho. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari lipo, tena linajiandika lenyewe usiku na mchana. Kinachokosekana ni mtu wa kulikagua.

Basi tuanze na kile mnachohesabu. Mtu anapofungua ukurasa wenu, kivinjari chake hupakua maandishi, picha na kipande kidogo cha msimbo. Kipande hicho, cha chombo kiitwacho Google Analytics, ndicho kinachopeleka taarifa kwenye seva za Google kwamba ukurasa umefunguliwa. Kwa hiyo idadi ya watumiaji mnayoisoma ni idadi ya vivinjari vilivyofanikiwa kupeleka taarifa, na baina yake na idadi ya watu waliofika pana mwanya mkubwa.

Mwenye kizuia matangazo amesoma makala yako tangu mwanzo hadi mwisho, na Analytics haina habari naye. Mwenye bando linaloelekea ukingoni, mtandao unasuasua, akachoka kusubiri na kufunga ukurasa kabla ule msimbo haujafika, naye hayumo. Anayetumia Opera Mini katika hali ya kubana data anasomewa ukurasa na seva za Opera kwanza. Msimbo unaendeshwa huko kwa muda mfupi badala ya kwenye simu yake, na taarifa zake zaweza kufika pungufu au zisifike. Aliyekataa vidakuzi naye amejiondoa kwenye hesabu, na hiyo ni haki yake. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, na ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Msimtafutie mtu huyo njia ya kumzunguka kwa sababu tu mnataka mstari upande.

Upande wa pili wapo wanaohesabiwa zaidi ya mara moja. Safari ya kwenye iPhone hufuta baada ya siku 7 vidakuzi vilivyowekwa na msimbo wa ukurasa, hivyo mteja anayerudi kila baada ya siku 10 anaonekana mgeni kila ajapo. Aliyebonyeza tangazo ndani ya Facebook amefunguliwa ukurasa kwenye kivinjari cha humohumo ndani. Kesho akiingia kwa Chrome, amekuwa watu wawili. Na kinyume chake pia kipo: kompyuta moja ya ofisini inayotumiwa na watu watano ni mtu mmoja mbele ya Analytics.

Mkishayajua hayo, msikate tamaa. Namba isiyo kamili bado ina faida, ilimradi kasoro yake ni ileile wiki hadi wiki. Ukijua unakosa sehemu ya wasomaji wako, na sehemu hiyo haibadilikibadiliki, unaweza kulinganisha mwezi huu na uliopita bila wasiwasi. Kasoro ya kutafutwa kwa bidii ni ile inayobadilika ghafla: iliyoanza siku mlipobadilisha muundo wa tovuti, siku mlipoweka plagini mpya, siku mlipohamia seva nyingine. Kwa hiyo mnapoona mruko au poromoko, swali la kwanza liwe hili: tulibadilisha nini siku ile?

Na hili haliwezi kujibiwa na timu isiyoandika. Naomba sana, wekeni daftari la mabadiliko. Tarehe, saa, kilichofanywa, aliyekifanya. Nimewaona vijana hodari wakikesha kutafuta sababu ya poromoko la wiki mbili zilizopita, kumbe mwenzao alibadilisha kiolezo cha ukurasa na ule msimbo ukaachwa nje. Mstari mmoja ulioandikwa ungewarudishia usingizi wao.

Sasa nitawaonyesha kasoro mbili kwa karibu, kwa sababu ndizo ninazokutana nazo zaidi.

Ya kwanza ni duka la mtandaoni linalopokea malipo kwa simu. Mteja amechagua bidhaa, ameandika namba yake, amebonyeza kulipa. Simu yake inamwomba namba ya siri. Anaiweka, anapata ujumbe wa M-Pesa kwamba malipo yamekamilika, anaweka simu mfukoni na kuendelea na shughuli zake. Kwake biashara imekwisha. Lakini mjenzi wa duka aliweka hesabu ya mauzo kwenye ukurasa wa shukrani, ule unaotakiwa kufunguka baada ya malipo. Mteja hakuusubiri. Amelipa, lakini Analytics haioni ununuzi. Mwisho wa wiki mwenye duka anaambiwa tangazo lake halikuleta kitu, analifunga, na mauzo yaliyokuwa yakija kweli yanakatika.

Dawa yake haiko kwenye dashibodi. Mfumo wa malipo hupeleka uthibitisho moja kwa moja kwenye seva ya duka, mteja awe bado kwenye ukurasa au ameondoka. Hapo ndipo mauzo yahesabiwe, kutoka kwenye seva, na kila ununuzi upewe namba ya muamala ili usihesabiwe mara mbili mteja akiusubiri pia ule ukurasa wa shukrani. Baada ya hapo chukueni taarifa ya malipo ya mwezi na ripoti ya Analytics ya mwezi huohuo, mziweke kando kwa kando, muamala kwa muamala. Zikitofautiana kidogo, elezeni kwa nini. Zikitofautiana sana, taarifa ya malipo ndiyo yenye haki, kwa kuwa ile inahesabu fedha iliyopokelewa.

Na kama malipo yenu yanampeleka mteja kwenye ukurasa wa kampuni ya malipo kisha kumrudisha, tazameni pia mnakoambiwa wateja wametoka. Mkiona wanunuzi wengi wameletwa na kampuni ya malipo, jueni njia yao ya kweli imefunikwa. Mteja alitoka kwenye barua pepe yenu au kwenye tangazo, akaenda kulipa, na aliporudi akaandikwa upya. Katika mipangilio ya Analytics ipo orodha ya tovuti zisizotakiwa kuhesabiwa kama chanzo. Iwekeni hiyo kampuni humo.

Kasoro ya pili ni hesabu maradufu. Mmoja aliweka msimbo wa Analytics ndani ya kiolezo. Miaka ikapita, mwingine akaja akaweka Tag Manager, chombo cha Google cha kusimamia misimbo ya aina hiyo, na ndani yake akaweka Analytics ileile. Wa tatu akasakinisha plagini ya WordPress inayofanya kazi hiyohiyo. Kila ukurasa sasa unapeleka taarifa mbili au tatu, kurasa zilizosomwa zimepanda kwa usiku mmoja, na bosi amefurahi.

Msibishane, angalieni wenyewe. Fungueni tovuti yenu kwenye Chrome ya kompyuta, bonyezeni F12, nendeni kwenye kichupo kilichoandikwa Network, halafu andikeni neno collect kwenye kisanduku cha kuchuja. Pakieni ukurasa upya. Kila mstari utakaotokea ni taarifa inayotoka kwenda Google. Bonyezeni mstari mmoja, someni yaliyomo: kuna sehemu ya tid yenye namba ya akaunti inayoanza na herufi G, na sehemu ya en yenye jina la tukio. Mkiona page_view mara mbili, kwa namba ileile ya akaunti, kwa ufunguzi mmoja, mmeshampata mhusika. Msipoona hata moja, zimeni kizuia matangazo chenu kwanza kabla ya kumlaumu mtu. Jambo hili halichukui hata muda wa kunywa kikombe cha chai, na limemaliza ugomvi mwingi kuliko vikao.

Yapo mengine nitayapitia haraka, si kwa sababu ni madogo, bali kwa sababu dawa zake ni nyepesi.

Saa. Kila akaunti ya Analytics ina saa za eneo lake, na aliyeifungua bila kutazama huenda aliiacha kwenye saa za Los Angeles. Dar es Salaam na Nairobi ziko mbele ya mji huo kwa saa 10 au 11, kutegemea majira ya huko. Maana yake siku yenu mpya kwenye ripoti huanza saa nne au saa tano asubuhi, na wateja wa Jumatatu alfajiri wanaandikwa Jumapili. Rekebisheni, lakini jueni marekebisho hayarudi nyuma. Siku zilizopita hubaki zilivyo. Search Console nayo hupanga siku zake kwa saa za huko Marekani, kwa hiyo msishangae ikitofautiana na Analytics kwa siku moja moja.

Subira. Google yenyewe inaeleza kwamba takwimu za GA4, yaani Analytics ya sasa, zaweza kuchukua saa 24 hadi 48 kukamilika. Ripoti ya jana iliyosomwa leo asubuhi bado inapikwa. Usimpelekee mtu.

Vyanzo. Viungo vinavyosambazwa kwenye WhatsApp kwa kawaida hufika bila kusema vimetoka wapi, na Analytics huviweka kwenye kapu la waliokuja moja kwa moja. Kapu hilo likinona, msidhani watu wameikariri anwani yenu. Wekeni alama za utm kwenye viungo mnavyovituma wenyewe, na mkubaliane namna moja ya kuandika, maana kwa Analytics neno lenye herufi kubwa na lilelile lenye herufi ndogo ni vyanzo viwili. Na msiziweke alama hizo kwenye viungo vya ndani ya tovuti yenu, la sivyo mtakifuta chanzo cha kweli kwa mikono yenu.

Mahali. Mji unaoonyeshwa hukisiwa kutokana na anwani ya IP. Kampuni za simu huwapitisha watu wengi kwenye anwani chache, na mara nyingi anwani hizo husomeka kama za jiji kuu. Msomaji wa Kigoma anaweza kuandikwa wa Dar es Salaam. Msifunge tawi la huduma mkoani kwa kutegemea ramani hiyo.

Wafanyakazi wenyewe. Tovuti ndogo inaweza kuonekana ina wageni wengi kumbe ni mhariri, mbunifu na bosi wanaifungua kutwa nzima. Kipo kichujio cha kuwaondoa kwa anwani ya IP, lakini ofisi inayotumia intaneti ya laini ya simu hubadilishiwa anwani kila mara, na kichujio hubaki bila kazi. Na kichujio kikishawashwa, kilichoondolewa hakirudi tena. Kijaribuni kwanza katika hali ya majaribio.

Roboti. GA4 huziondoa zile zinazojulikana. Zisizojulikana hubaki. Mkiona mamia ya wageni kutoka mji msio na uhusiano nao, wamekaa sekunde sifuri, wote kwa kivinjari cha aina moja na upana mmoja wa skrini, watengeni kwenye ripoti na mseme wazi kwamba mmewatenga.

Kulinganisha visivyolingana. Analytics ya zamani, Universal Analytics, iliacha kupokea takwimu tarehe 1 Julai 2023, na iliyoirithi inahesabu kwa namna nyingine. Kwenye GA4, ziara yenye ushiriki ni ile iliyozidi sekunde 10, au iliyofungua kurasa mbili na zaidi, au iliyotimiza tukio muhimu; isiyofika hapo ndiyo huhesabiwa ya aliyeondoka mapema. Wanaotumia asilimia ya walioondoka mapema ya mwaka 2022 kulaumu ya leo wanapima vitu viwili vyenye jina moja. Na tangazo la Facebook likisema watu 1,000 wamebonyeza huku Analytics ikiona 700, huenda hakuna aliyedanganya: mmoja amehesabu kidole kilipogusa skrini, mwingine ukurasa ulipofunguka, na katikati yake kuna mtandao wenu.

Nije kwenye vyombo vya kupima kasi, maana huko nako nimeona machozi ya bure.

Kijana anapima tovuti kwa PageSpeed Insights, anapata 48, rangi nyekundu. Anapima tena, anapata 61. Anapima mara ya tatu, anapata 55. Anasema chombo kibovu. Chombo hakijaharibika. Alama ile ya 0 hadi 100 inatokana na Lighthouse, inayoigiza simu ya hali ya kati kwenye mtandao wa polepole, wa megabiti 1.6 kwa sekunde na ucheleweshaji wa milisekunde 150. Seva hupumua, matangazo hubadilika, mtandao huyumba, na alama huyumba nayo. Pimeni mara tano mchukue ya katikati. Mkipimia kwenye Chrome yenu, tumieni dirisha la faragha, kwa kuwa viongezi mlivyosakinisha huingia kwenye kipimo.

Juu ya alama hiyo, tovuti yenye wageni wa kutosha huonyeshwa kitu kingine kabisa: uzoefu wa watumiaji wa kweli wa Chrome kwa siku 28 zilizopita, ukisomwa pale ambapo asilimia 75 ya ziara zimefikia. Huko ndiko kunakotakiwa kipengele kikubwa zaidi cha ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5, na ukurasa ujibu mguso ndani ya milisekunde 200. Ukirekebisha leo, wiki nne za nyuma bado zimo kwenye hesabu. Wengi huvuruga kazi njema waliyoifanya kwa sababu hawakusubiri ionekane. Na hata takwimu hizo haziwaoni wenye iPhone wala wenye Opera Mini. Kwa hiyo siku moja moja ombeni simu ya bei nafuu ya mtu wa mtaani, yenye bando lake, mfungue tovuti yenu humo, mkae kimya mkitazama inavyofunguka.

Jambo jingine mnalolisahau: tazameni picha ya ukurasa iliyomo ndani ya ripoti ya kipimo. Nimeona tovuti nzito ikipewa alama ya juu kabisa, watu wakashangilia, kumbe chombo kilizuiwa mlangoni na kinga ya roboti, kikapima ukurasa mweupe wenye sentensi moja ya kuomba uthibitisho. Picha ilikuwapo kwenye ripoti tangu mwanzo. Hakuna aliyeitazama.

Na chombo kinapopimia ndicho kinachoamua kitaona nini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Anayepima kutoka London tovuti iliyohifadhiwa Ulaya angeikuta nzima na nyepesi siku ile, huku wasomaji wake wa Mwanza hawaifikii. Poromoko la siku kama hiyo si la kumfokea mwandishi wala mbunifu. Liandikwe kwenye lile daftari la mabadiliko, ili mwakani mtu asije akalitafutia maana nyingine.

Sasa majaribio ya A na B, ambapo nusu ya wageni huonyeshwa ukurasa wa zamani na nusu ukurasa mpya. Muuzaji wa ufuta au korosho hakubali mzigo wake upimwe mpaka mizani imekaguliwa kwa jiwe la uzito unaojulikana. Nanyi fanyeni hivyo: kabla ya kulinganisha kurasa mbili tofauti, endesheni jaribio la ukurasa uleule pande zote mbili. Hakuna tofauti, kwa hiyo chombo kisione tofauti ya maana. Kikiona, tena na tena, kasoro iko kwenye chombo au kwenye namna mnavyogawa watu.

Hata jaribio la kweli lianze kukaguliwa kwenye mgawo. Mkikusudia nusu kwa nusu, na kati ya wageni 10,000 upande mmoja ukapata 5,300 na mwingine 4,700, msisome hata mshindi ni nani. Bahati peke yake haileti pengo hilo. Huenda upande mmoja unafunguka polepole na watu wanaondoka kabla ya kuhesabiwa. Huenda roboti zimemiminika upande mmoja. Tafuteni sababu kwanza, matokeo yote yawekwe pembeni. Na amueni mapema jaribio litadumu muda gani. Anayechungulia kila asubuhi na kusimamisha siku anayopenda anachokiona ataokota ushindi wa uongo mara nyingi kuliko anavyodhani.

Msidhani wakubwa hawapatwi na haya. Mwezi Septemba 2016 Facebook ilikiri kwamba wastani wa muda wa kutazama video ulikuwa umetajwa zaidi ya ukweli, kwa sababu waliotazama chini ya sekunde 3 waliachwa nje ya hesabu ya wastani. Watangazaji walikuwa wamepanga fedha zao kwa namba hiyo. Na huko Microsoft, Ron Kohavi na wenzake walieleza mwaka 2012 kisa cha Bing, chombo chao cha utafutaji: hitilafu katika jaribio iliwaonyesha watu matokeo mabaya ya utafutaji, na mapato kwa kila mtumiaji yakapanda kwa zaidi ya asilimia 30, utafutaji kwa kila mtumiaji ukapanda kwa zaidi ya asilimia 10. Watu walitafuta tena na tena kwa kuwa hawakupata walichotaka, na wakabonyeza matangazo kwa kuwa majibu hayakufaa. Hapo kila namba ilihesabiwa sawasawa, na kila mmoja aliyezifuata angeiharibu huduma yake akiamini anaijenga.

Kohavi hupenda kukumbusha kanuni iliyopewa jina la Tony Twyman, mtafiti wa Uingereza wa hesabu za watazamaji na wasikilizaji: namba inayovutia au inayojitenga na nyingine, mara nyingi ina kasoro. Ishikeni hiyo. Na hapa ndipo ninapoomba mniangalie usoni, kwa sababu sasa nasema habari ya tabia.

Namba ikishuka, nyote ni wakaguzi. Mnafungua F12, mnauliza saa za eneo, mnatafuta roboti. Namba ikipanda hakuna anayeuliza kitu. Picha inapigwa, inatumwa kwenye kundi la WhatsApp la kazini, na watu wanaweka alama za makofi. Mkiikagua inayowaudhi peke yake, hesabu zenu zitaegemea upande mmoja daima, hata kama hakuna aliyekusudia kudanganya. Ukaguzi uwe mmoja kwa furaha na kwa huzuni.

Na msichanganye kutafuta kasoro na kutafuta namba nzuri. Nimewaona wakikuta vyombo vitatu vina majibu matatu, wanachagua kilicho kikubwa na kukipeleka kwa mteja. Facebook inadai mauzo 40, Google Ads inadai 35, duka zima limeuza 50, nao wanajumlisha wanasema matangazo yameleta 75. Kila chombo kinajihesabia mteja aliyekigusa, na mteja mmoja amevigusa vyote viwili. Yule mwenye duka ana ada za shule za kulipa. Akiongeza bajeti kwa neno lenu, fedha itakayopotea ni yake.

Mnapotafuta kasoro, kuweni na utaratibu. Badilisheni kitu kimoja kwa wakati mmoja, msubiri, mtazame. Anayebadilisha mambo manne jioni moja hata akifanikiwa hajui kilichomponya, na tatizo likirudi ataanza upya. Msifute takwimu mbovu kwa aibu; ziwekeni alama ya kuanzia na kuishia, ili ajaye azijue. Na mkikwama, ulizeni. Kuuliza si ujinga. Mhasibu, mpokea simu, mtu wa kupeleka mizigo, wote wana madaftari yao, na mara nyingi aliyeshika daftari la karatasi atawaambia kwa dakika moja kitu ambacho dashibodi imewaficha kwa mwezi.

Haya yote ni mazito kidogo kwa mtu mwenye haraka, nami najua mna haraka, kwa kuwa wateja wanawasukuma na kodi ya nyumba haisubiri. Lakini watu wanaamua mambo ya maisha yao kwa namba mnazowapelekea: wanaajiri, wanafukuza, wanakopa, wanafunga. Hiyo ni amana. Basi nawaomba, katika ripoti yenu ijayo, chini ya kila namba andikeni sentensi moja tu ya kusema imehesabiwaje na imelinganishwa na nini. Namba ambayo hamwezi kuiandikia sentensi hiyo, msiipeleke kwa mtu.